Mashuka ya Wodi ya Nyuma

Mimi ndiye dobi wa Makao ya Wazee, hapa Muheza,
kwa hiyo msinisimulie habari za usawa.
Mimi nazifua.

Mashuka ya wodi ya mbele yana majina.
Binti huja Ijumaa na machungwa na uzi mwekundu,
hutarizi *Mama Mwanakombo*, na ua pembeni.
La Mzee Jivanji lina herufi mbili, lanukia marashi hata baada ya sabuni.
Ya wodi ya nyuma yana wino wa kalamu nene:
kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.
Nikiyaloweka sana wino huchuja,
na kumi na tisa akaamka kumi.

Wodi ya nyuma ni watu wa mkonge.
Waliletwa kwa lori, toka Kasulu, toka Songea, toka ng'ambo ya Ruvuma,
vijana wenye meno yote,
wakaitwa manamba, wakapewa kipande cha siku thelathini,
wakaambiwa kikijaa mtarudi.
Kikajaa. Wakapewa kingine.
Kisha kampuni ikafa. Wao hawakufa.
Ndilo kosa lao.

"Hatubagui," asema msimamizi,
naye ni mtu mwema, ana picha ya mama yake mezani.
"Tunawalaza kwa wanaojuana."
Basi wanaojuana na mlango wako mlangoni,
na wanaojuana na choo wako chooni.

Maji ya moto huanzia mbele saa moja.
Yakifika nyuma ni saa tano, na moto umekwisha,
siku nyingine na maji yamekwisha, imefika ndoo.
Bi Mwanakombo huulizwa: chumvi imekolea?
Kumi na tisa hajaulizwa chumvi tangu masika ya mwaka juzi.
Nimehesabu. Povu halina haraka.

Usiku mmoja nilibaki, mvua imenizuia.
Kumi na tisa ana homa, midomo imepasuka,
anasema: *Amazi. Amazi.*
Nesi, mtoto wa watu, zamu yake ya pili bila kulala,
akaandika kwenye faili: *Anaropoka kikwao.*

Mimi ni Mbondei.
Bibi yangu kule Magila akinituma na mtungi
alisema *mazi*, na shuleni walinicheka.
Nikadhani neno lile ni letu, limefia kwetu.
Kumbe lina ndugu ng'ambo ya Malagarasi,
limekuja huku kwa lori,
limekata mkonge Lanzoni, limekata mkonge Ngomeni,
na hakuna aliyelivutia kiti.

Nikampa kikombe. Akanywa kwa mikono miwili.
Nikamuuliza jina, mimi niliyefua jasho lake miaka sita.
"Bitariho," akasema. Akangoja,
kama anayengoja niandike.

Uzi mwekundu ulikuwepo, masalia ya Ijumaa.
Sijui kutarizi. Nilishona kama ninavyoshona gunia:
B kubwa mno, H imelala, na ua sikuliweza.
Yeye hajui kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya uzi,
akarudia, akarudia,
akalala.

Wiki ile ile nikayachanganya.
Wallahi sikukusudia; mawingu yalikuja, nikaanua mbio.
Ijumaa binti wa Mwanakombo akavuta shuka la mama yake,
akasimama katikati ya wodi, machungwa yanamponyoka.
"Bitariho?" akasema. "Bitariho ni nani hapa?"
Akapaza sauti, kwa hasira:
"Nauliza! Bitariho ni nani?"

Na kule nyuma, nyuma ya choo,
mzee mmoja akaitika.